Rangi Chini ya Kitambaa

Orrin Pask alikuwa na mdomo mchafu, na mdomo huo ndio uliomrudisha Sajini Verna Tackett kwenye uwanja wa Cutler Flat kwa mara ya tatu wiki ile. Watu watano walimsikia mwezi wa Machi, pale kwenye pampu ya mafuta, akimwambia Norval Tveit, "Siku moja hilo dude lako litakuzika." Jumamosi iliyopita, tarehe kumi na mbili Mei, dude likamzika kweli. Bawa dogo la mbele lilikatika hewani saa saba mchana, ndege ikajikita kwa pua kwenye ziwa kavu, na Norval akafa papo hapo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ndege ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alinunua michoro kwa posta, akachonga povu gumu, akalivika kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, miaka minne mizima, mpaka ikawa ndege.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi kungekuwa na kikao cha kusikiliza chanzo cha kifo, na sherifu alitaka jibu moja tu kutoka kwa Verna: kuna mtu alilichezea bawa lile, au hakuna?

"Nilimtukana, sikumuua," Orrin alisema. Alikuwa amepandisha buti mezani, kofia imemfika kwenye nyusi. "Ningekuwa naua kila ninayemtukana, uwanja huu ungebaki na mijusi tu."

"Ulitaka banda lake."

"Nalitaka hata leo. Ndilo pekee lenye mlango usiokwama. Hiyo ni dhambi?"

"Na ufunguo unao."

"Ninao wa mabanda yote. Mimi ndiye meneja hapa, Sajini, ulidhani ni paka wa nyumba?"

Verna alitema ganda la mbegu ya alizeti kiganjani, akalitia kwenye mfuko wa shati. Aliacha sigara miaka miwili nyuma na tangu hapo mifuko yake yote ilikuwa na maganda. "Uliingia humo lini mara ya mwisho?"

"Februari. Bomba lilipasuka. Norval mwenyewe alikuwemo, akanipa kahawa chungu ajabu, tukagombana kidogo, nikaondoka. Tulikuwa tunagombana kila wiki, mama. Kugombana si uadui."

"Umewahi kuishika gundi yao ile?"

Orrin alinyoosha kidole kwenye dirisha la ofisi. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, umebandikwa utepe wa kahawia, na utepe wenyewe umeshaanza kubanduka.

"Huo nimeubandika mwaka juzi," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Nenda kamwone yule binti wa Norval, Sajini. Kila mtu anajua ni nani aliyechanganya gundi ya lile bawa. Naye mwenyewe anakubali."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera Verna. Alishawahi kuona watu wakikubali makosa, na mara nyingi waliokubali haraka hivyo walikuwa hawajui wanakubali nini.

Joelle Tveit alikuwa kwenye banda la babake, amepiga magoti sakafuni, anafunga vitu kwenye makasha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, nywele amezifunga kwa kipande cha waya wa umeme, macho mekundu. Mabaki ya ndege yalikuwa yamelazwa juu ya turubai katikati ya banda. Wakaguzi wa ajali walikuja Jumapili, wakapiga picha, wakachukua injini na saa za dashibodi, wakaacha mabawa. Walisema waziwazi walichokiona: pale lilipokatika, gundi ilikuwa laini. Ukucha uliingia.

"Nimeshaandika," Joelle alisema kabla hajaulizwa, akamnyooshea Verna karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. "Kesho nitaisoma mwenyewe. Sitaki mtu anisomee."

Verna alisoma. Ilikuwa imeandikwa bila kuzungukazunguka. Mimi, Joelle Tveit, nilichanganya gundi yote ya bawa la mbele mwezi wa Julai mwaka jana. Nilikosea vipimo. Babangu amekufa kwa mkono wangu.

"Ulikosea siku gani?"

"Sijui siku gani."

"Ulikosea vipi basi?"

"Itakuwa siku ile ya tarehe kumi na nne. Nilikuwa nimegombana na mtu kwenye simu, nilikuwa nalia. Labda niliweka kigumisho kidogo. Sikumbuki, Sajini! Ningekumbuka si ningeacha?"

"Nionyeshe unavyochanganya. Mimi sijui lolote. Najua kukaanga mayai tu."

Binti alisimama, akajifuta pua kwa mkono wa shati. Akaonyesha mizani ya mbao juu ya meza, aliyoiunda babake: mkono mmoja mrefu, vikombe viwili vya karatasi, mchanga wa kupimia. Gundi inatoka kwenye chupa moja, kigumisho kwenye nyingine, na vinapimwa kwa uzito, kamwe si kwa macho. Ukikosea kidogo, haigandi vizuri. Unakoroga dakika mbili kwa kijiti. Ukimaliza kupaka, kile kinachobaki ndani ya kikombe hukitupi. Unaandika tarehe ubavuni, unakiweka rafuni.

"Kwa nini hukitupi?"

"Kesho yake unakigonga kwa sarafu. Kikilia vizuri, bawa limeiva. Kikilia bubu, unang'oa kila kitu unaanza upya." Akaelekeza kidevu ukutani. "Vyote viko pale. Hapa hakuna mtu anayetupa kikombe. Utachekwa mpaka ukome."

Rafu ilikuwa ndefu kama ukuta, vikombe vimesimama kwa mistari, kila kimoja na kijiti kimeganda katikati. Verna alitoa robo dola. Akakitafuta cha tarehe kumi na nne Julai, akagonga. Kililia *ti*, kikavu, safi. Akagonga cha kumi na tatu, cha kumi na tano, cha kumi na sita. Ti, ti, ti.

"Hiki hapa hakina kosa."

"Haisaidii. Gundi ikiwa nyingi kikombeni inajipasha moto yenyewe, inaganda kuliko ya kwenye kitambaa. Kikombe kinaweza kulia na bawa likawa bovu. Nilikuwa nimesahau hilo. Anko Wendell alinikumbusha, siku ya mazishi. Alinishika mabega akaniambia nisijilaumu sana, mikono ya mtu huteleza."

"Wendell ni nani?"

"Wendell Kopecky. Rafiki wa baba. Ndiye mkaguzi wa klabu ya wajenzi. Ndiye aliyetufundisha kazi hii, baba na mimi."

Verna alichuchumaa kando ya turubai, akavaa miwani, akachukua kile kipande cha bawa kilichobaki na mwili wa ndege. Mahali lilipokatika palikuwa na nyuzi zilizochanika kama ukingo wa gunia. Alibonyeza kwa ukucha. Kweli, pakaacha alama. Akasogea inchi tano kuelekea ndani, akabonyeza tena. Ukucha uliteleza. Akasogea upande wa pili, inchi tano. Ukateleza tena.

Basi gundi laini haikuwa ya bawa zima. Ilikuwa kiraka cha ukubwa wa sahani.

Akachukua kisu cha mfukoni, akaupara ukingo wa lile pasuko taratibu, na kioo cha kukuzia akakiweka jichoni. Alianza kuhesabu kutoka juu kwenda chini, kwa kunong'ona. Rangi nyeupe. Puti ya kusawazisha. Kitambaa, matabaka matatu. Kisha, chini ya kitambaa, kwenye kibonyeo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambako msasa haukufika: rangi nyeupe. Chini yake praima ya kijivu. Chini yake puti. Halafu kitambaa kingine, kilichopasuliwa, na hicho kilikuwa kigumu kama kigae.

Akarudia kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Hesabu ilikuwa ile ile.

"Joelle. Mnapaka rangi kabla ya kitambaa au baada?"

"Baada. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Kwanza praima ya kuzuia jua, halafu nyeupe. Lazima nyeupe, rangi yoyote nyingine jua la huku linaipika mpaka gundi inalegea. Kwa nini?"

"Na kitambaa hakiwezi kuwekwa juu ya rangi?"

"Nani mwendawazimu wa kufanya hivyo? Hakishiki."

"Bawa hili mlilipaka lini?"

"Baba alilipaka peke yake, mimi nilishaondoka. Nilienda Oregon chuoni tarehe nne Septemba. Angalia kwenye daftari."

Daftari la kazi la Norval lilikuwa na jalada la turubai na mwandiko wa mtu aliyepima vyuma maisha yake yote. Kila siku ya kazi ilikuwa na mstari wake. Verna alipitisha kidole. Tarehe kumi na tisa Novemba: *Bawa la mbele, nyeupe, mkono wa pili. Limekwisha. Limependeza.* Baada ya hapo hakuna mstari hata mmoja uliotaja kitambaa kwenye bawa la mbele. Norval alikuwa akiandika hata siku alizofagia.

Kati ya tarehe kumi na tano na ishirini na tano Januari hapakuwa na kitu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Alilazwa. Mawe ya figo. Mimi nilikuwa na mitihani, sikuja. Hata hapo sikuja."

Mstari wa tarehe ishirini na tano ulisema: *Nimerudi. Nimekuta Wendell amenipandishia injini peke yake, kwa winchi, kunishtua. Nimekaa kwenye ndoo nikalia. Mungu amlinde.*

Verna aliusoma mara mbili. Akafungua mbele zaidi, Machi, siku moja kabla ya ndege kuruka mara ya kwanza. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, saba zake zimekatwa kistari katikati: *17 Machi. Nimegonga bawa lote kwa sarafu. Safi. W. Kopecky.*

"Ndege iliruka mara ngapi?"

"Tisa. Ile ilikuwa ya tisa."

"Saa ngapi, kwa kawaida?"

"Alfajiri. Alipenda hewa ikiwa imetulia. Jumamosi alikuwa ananisubiri mimi. Gari lilinisumbua njiani, nikafika saa sita." Akageuka akaendelea kufunga kasha, mgongo umempa Verna. "Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa pili."

Verna alifunga daftari, akalitia kwapani pamoja na kipande cha bawa. "Hiyo karatasi usiisome wala usimpe mtu mpaka nirudi."

"Nimeshaisaini."

"Hata kama. Ikae hapo mezani. Nipe saa mbili."

Wendell Kopecky aliishi maili moja kutoka uwanjani, nyumba ya mwisho kabla ya reli, na karakana yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Alikuwa na miaka sitini na sita, mrefu, mikono mikubwa myepesi. Alikuwa anapiga msasa ubavu wa ndege ya aina ile ile, nusu imeisha. Alipomwona Verna alizima redio, akatoa kiti, akapangusa vumbi kwa kofia yake.

"Kahawa, Sajini? Na kuna pai ya tufaha, dada yangu kaleta. Ameikausha, lakini ukiichovya inalika."

"Kahawa tu. Umeanza lini hii?"

"Mwaka wa tatu sasa. Mimi si mwepesi kama Norval. Norval alikuwa mashine."

"Wakati wa baridi huwa mnaganda humu?"

"Lo! Usiniambie. Karakana hii haina hita. Kuanzia Desemba mpaka Machi nafunga kazi, naweka turubai, basi. Gundi haipendi baridi, nami siipendi vilevile."

"Hata mwaka huu ulifunga?"

"Hata mwaka huu. Tazama daftari langu hapo. Tarehe tatu Desemba, halafu pili Machi. Katikati hakuna."

Verna alitazama. Ilikuwa hivyo. Akainuka na kikombe chake cha kahawa, akaenda mpaka kwenye rafu iliyokuwa juu ya sinki. Vikombe vya karatasi vilisimama kwa mistari, vijiti vimeganda katikati, tarehe ubavuni, saba zote zimekatwa kistari. Alianza kuvisoma kwa sauti, bila haraka, kama anayesoma bei dukani.

"Ishirini na saba Novemba. Thelathini Novemba. Tatu Desemba." Akainama karibu zaidi. "Kumi na tisa Januari. Pili Machi."

Msasa uliendelea kidogo, kisha ukasimama.

"Ulikuwa unajenga nini tarehe kumi na tisa Januari, Bwana Kopecky?"

"Itakuwa kitu kidogo. Kibao. Labda mguu wa kiti."

"Mguu wa kiti una kitambaa matabaka matatu?"

Verna alitoa robo dola, akagonga cha tarehe tatu Desemba. *Ti.* Akagonga cha pili Machi. *Ti.* Akagonga cha katikati. Kililia *du*, kama kugonga mkate. Akabonyeza kwa ukucha, na ukucha ukazama. Akakiweka juu ya ubavu wa ndege, mbele ya Wendell, na kando yake akaweka kile kipande cha bawa, ukingo umegeuzwa juu.

"Kuna rangi chini ya kitambaa," alisema. "Rangi ya Norval ya Novemba. Mtu amekata, amepiga msasa, ameweka kitambaa juu, puti, nyeupe, wala hakuweka praima. Kingo zimepunguzwa taratibu, nyuzi zimelazwa hanamu. Orrin Pask hawezi hata kubandika dirisha. Joelle alikuwa Oregon. Norval alikuwa hospitali. Nani alikuwa bandani na winchi?"

Wendell aliketi juu ya ngazi ndogo. Alichukua kitambaa akaanza kujipangusa vidole, kimoja kimoja, ingawa havikuwa na kitu.

"Nilitaka kumfurahisha," alisema.

"Najua. Ameandika."

"Injini ilipanda vizuri. Nilikuwa narudisha winchi nyuma, ndoano ikachomoka. Bawa lilikuwa kwenye vigoda viwili pale pembeni, jeupe, limekwisha. Ndoano ikaliangukia." Akaonyesha kwa mikono ukubwa wa jeraha. "Ilikuwa imepasua mpaka kwenye povu, Sajini. Zile nyuzi ndefu zinazobeba uzito zote zilikuwa zimekatika hapo. Ilitakiwa kulikata lote na kuliunda upya. Kazi ya mwezi mzima. Na yeye kitandani na mirija."

"Ukaliziba."

"Nililiziba siku ile ile. Mizani yake iliangukiwa na ndoano hiyo hiyo, mkono umevunjika. Niliuunganisha baadaye. Gundi nilipima kwa macho." Alisema maneno hayo kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. "Miaka kumi nawakaripia watu hapa, usipime kwa macho, usipime kwa macho."

"Kesho yake ukagonga kikombe."

"Nilikuwa nimekuja nacho hapa nyumbani. Nikagonga."

"Kikaliaje?"

"Umekisikia."

"Na hukung'oa."

"Nilikuwa nimeshapaka rangi! Nilijiambia ni baridi tu. Nilijiambia jua la kiangazi litaivisha yenyewe. Machi nikaligonga bawa, asubuhi, kuna baridi, likalia vizuri kabisa. Gundi mbichi ikipata baridi inajifanya ngumu. Nikasema, umeona, limeiva. Nikasaini." Akatazama kipande cha bawa. "Safari nane. Nane, Sajini. Kila aliporuka nilikuwa nasimama pale uzioni mpaka atue. Ya nane nikaacha kwenda. Nikasema sasa basi, imepita."

"Zote nane zilikuwa alfajiri, kwenye baridi."

"Ndiyo. Nami sikulifikiria hilo mpaka Jumamosi saa saba."

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba, ndefu, na wote wawili walisubiri ipite. Verna alikunywa kahawa iliyobaki.

"Mbona hukukitupa?" aliuliza.

"Nini?"

"Kikombe. Miezi minne kimekaa hapo, na tarehe umeandika. Ungekitupa, nisingekuwa na kitu."

Wendell alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hajang'oa meno yake. "Hatutupi vikombe," alisema.

"Na binti?"

"Binti nini?"

"Ulimwambia kikombe kinaweza kulia na bawa likawa bovu. Kwenye kaburi la babake. Alikuwa na vikombe vyake vyote vizima rafuni, vingemtetea, ukamnyang'anya."

"Ni kweli lakini, kitaalamu, gundi ikiwa nyingi..."

"Bwana Kopecky."

Uso ulikuwa umemwiva, na jicho la kushoto lilikuwa linacheza. "Nilidhani yeye ni mtoto," alisema hatimaye. "Atasamehewa. Mtoto akikosea watu wanamsamehe. Mimi wangeniacha na nini? Klabu hii ni mimi. Watu kumi na tano wanaruka kwa saini yangu."

"Kesho saa tatu atasoma karatasi mbele ya watu kwamba amemuua babake. Vaa kofia. Kikombe utakibeba wewe."

"Nikibebe wapi?"

"Unajua wapi."

Alipoinuka ilibidi ashike ubavu wa ndege. Verna aliandika saa kwenye kidaftari, akamsomea haki zake polepole, mpaka neno la mwisho, naye akaitikia kila moja kwa kichwa. Njiani Wendell alikiweka kikombe magotini, amekishika kwa mikono miwili, kama kingeweza kumwagika.

Jua lilikuwa bado kali walipofika bandani. Joelle alikuwa amemaliza makasha. Vilibaki vikombe tu. Alikuwa ameleta pipa la taka mpaka chini ya rafu, na safu ya kwanza alikuwa ameshaishusha mezani, bado hajaitumbukiza. Karatasi zake mbili zilikuwa pale pale, zimekandamizwa kwa nyundo.

"Anko Wendell," alisema, akashangaa, halafu akamtazama Verna. "Kuna nini?"

Wendell alisimama mlangoni. Hakuingia. Verna alimpokea kikombe taratibu, akakiweka mezani. Kutoka kwenye safu iliyoshushwa akakitafuta cha tarehe kumi na nne Julai, akakisogeza kando yake, mwandiko wa vyote viwili umegeukia ukutani. Akampa binti robo dola.

"Gonga."

"Kwa nini? Nilishakwambia vikombe havi..."

"Gonga tu, mama."

Joelle aligonga cha kwanza. *Ti.* Akagonga cha pili. *Du.* Akakunja uso, akagonga tena, kwa nguvu zaidi, akainama, akabonyeza kwa ukucha. Akaangalia alama iliyobaki.

"Hiki kibichi," alisema. "Hata kwenye kikombe kimekuwa kibichi. Aliyechanganya hiki hakupima kabisa." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya fundi. "Hiki ndicho kilichotumika kwenye bawa?"

"Ndicho. Juu ya rangi ya babako, Januari, akiwa hospitali. Bawa lilipasuliwa na ndoano ya winchi, likazibwa. Kazi yako iko chini yake. Nimeipara kwa kisu, Joelle. Kisu kimeshindwa."

Binti alinyoosha mkono, akakigeuza kile cha Julai, akauona mwandiko wake mwenyewe. Akakigeuza cha pili. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa kwanza, wino wa bluu. Kwenye tarehe hiyo hapakuwa na saba hata moja, lakini hakuhitaji saba. Aliijua ile tisa iliyopinda mkia, na kile kistari chembamba chini ya tarehe, kilichopigwa kwa rula. Alikuwa na vikombe zaidi ya mia mbili rafuni, na kila kimoja kilikuwa na kistari hicho hicho, kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na tisa mtu mmoja alikaa naye meza hiyo hiyo akamwonyesha jinsi ya kukipiga.

Alizichukua karatasi zake mbili kutoka chini ya nyundo, akazikunja, akazikunja tena, akazitia mfukoni. Kisha akakichukua kile kikombe laini, akatembea nacho mpaka mlangoni, akakiweka mkononi mwa Wendell na kumfumba vidole juu yake.

"Kesho," alisema, "utakigonga mbele ya watu. Uwafundishe wasikie."